Sebule Ndogo ya Kakamega na Mgeni wa Mara Mbili kwa Mwaka

Chukua utepe wa kupimia, uingie nyumba ya kupanga mjini Kakamega, iwe Lurambi, Amalemba au Kefinco, upime sebule. Tuseme ni futi kumi kwa kumi na mbili, yaani futi za mraba 120. Nyingine ni ndogo kuliko hiyo. Sasa iweke humo seti ya sofa ya watu saba, ile ambayo mafundi wameizoea hata hawahitaji mchoro: ya watatu, ya wawili, na mbili za mtu mmoja mmoja. Ya watatu ikiwa na urefu wa futi saba na kina cha futi tatu, imekula 21. Ya wawili, futi tano kwa tatu, imekula 15. Zile mbili ndogo, tatu kwa tatu kila moja, zimekula 18. Hapo ni 54. Ongeza meza ya katikati ya futi nne kwa mbili na stendi ya runinga ya futi nne kwa moja na nusu, umefika 68. Zaidi ya nusu ya sakafu imeshikwa kabla mlango haujafunguliwa, kabla mtoto hajapata pa kujinyoosha na daftari lake. Na meza ya kulia bado haijanunuliwa.

Ushauri unaotolewa kuhusu nyumba ndogo huwa ni uleule: tundika kioo, paka rangi nyeupe, punguza vitu. Una mahali pake, lakini haugusi chanzo. Sebule ya Kakamega haijasongamana kwa sababu wenyewe hawana jicho la kupanga. Imesongamana kwa sababu imepangiwa watu ambao hawaishi humo.

Wa kwanza ni mgeni. Katika nyumba za Waluhya mgeni hapokelewi mlangoni akaondoka. Anaketishwa, anapikiwa chai, na akiwa wa heshima kuku anapoteza maisha. Tena mgeni haji peke yake. Kuna chama kinachozunguka nyumba kwa nyumba, kuna maombi ya jumuiya ya kanisa, kuna kamati ya arusi, na kuna vikao vya matanga ambavyo havimpi mtu taarifa ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anayekosa pa kuwaketisha watu hao anajua kitakachosemwa njiani wakirudi makwao. Kwa hiyo tusikimbilie kusema seti ya watu saba ni majivuno. Kwa aliyeinunua, ni bima dhidi ya aibu.

Kuna na jambo la wakwe. Heshima kati ya mtu na mkwewe huku magharibi ni kali, na kumketisha mama mkwe hatua mbili kutoka kitanda cha binti yake na mumewe ni jambo ambalo wengi hawawezi hata kulitamka. Ndiyo maana pazia linalokata katikati bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, likining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, si pambo. Anayelidharau kwa kuwa halipendezi pichani hajaelewa kazi yake. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mpangilio wa boma zima. Kijana aliyekomaa alikuwa na isimba yake, kibanda cha chumba kimoja pembeni mwa boma, na humo kitanda, kiti na redio vilikaa pamoja bila mtu kuona haya, kwa sababu isimba haikupokea wazee. Wazee walipokelewa nyumba kubwa. Bedsita ya mjini imerithi ukubwa wa isimba, kisha ikabebeshwa kazi za nyumba kubwa. Mvutano wote wa upangaji wa chumba hicho unaanzia hapo.

Mtu wa pili asiyeishi sebuleni ni mwenye nyumba mwenyewe, lakini wa miaka ijayo. Kwa wapangaji wengi wa Kakamega, nyumba ya mjini si kwao. Kwao ni Butere, Malava, Navakholo au Vihiga, ambako kuna kipande cha shamba na nyumba iliyofika lenta au inayosubiri mabati. Sofa inayonunuliwa leo inanunuliwa kwa ajili ya sebule ile ya futi kumi na tano kwa ishirini itakayokamilika Mungu akijalia. Chumba cha kupanga ni ghala lake la muda. Hesabu hii si ya kijinga; fanicha hupanda bei, na mshahara wa mwalimu au muuguzi hauruhusu kununua seti mara mbili. Ila ina gharama isiyoandikwa popote: familia inapita kwa ubavu kati ya meza na sofa kwa miaka minane au kumi, ili siku moja sofa iliyokwisha chakaa ifike mahali panapoitosha.

Wa tatu ni fundi. Hapa sina lawama nyingi. Fundi wa kando ya barabara anafanya kazi kwa malipo ya awali, na malipo hayo ndiyo mbao na sponji ya wiki hiyo. Anatengeneza kile anachojua kitanunuliwa hata mteja akitoweka, na kinachonunulika ni seti kamili. Ukimwomba sofa moja ya futi sita na nusu yenye kina cha inchi thelathini, anakutazama kama mtu aliyefilisika. Lakini akikubali, na wengi hukubali ukija na vipimo vilivyoandikwa, umepata kitu ambacho duka kubwa la Nairobi haliwezi kukupa: fanicha iliyokatwa kwa ajili ya chumba chako. Kuna miji tajiri kuliko wetu ambako kazi ya kupimiwa ni anasa. Hapa Kakamega kazi hiyo ipo kando ya barabara, na tunaitumia kuagiza nakala ya kile alichonacho jirani.

Wanaopanga nyumba hizi wameongezeka kwa sababu mbili zinazoonekana wazi. Chuo cha Masinde Muliro kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na mashamba yaliyokizunguka yakaanza kuota ploti za vyumba vya wanafunzi. Kisha mwaka 2013 ugatuzi ukaja. Mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi ukawa makao makuu ya kaunti, na ukaleta maafisa, makarani na wafanyabiashara wa zabuni. Mitaa ikajaa, ukiwemo Kefinco, ambao jina lake ni mabaki ya mradi wa maji wa Kenya na Finland wa miaka ya 1980. Ghorofa zikapanda pale palipokuwa na migomba. Mwenye ploti alihesabu milango, kwa sababu kodi hulipwa kwa mlango, na sebule ikafinywa ili mlango mmoja zaidi upatikane.

Sasa tuje kwenye meza ya kulia, ambayo kwangu ndiyo kiini cha suala zima.

Meza ya watu wanne haipungui futi nne kwa mbili na nusu, kwa sababu kila mlaji anahitaji takriban futi mbili za ukingo ili asimpige mwenziwe kiwiko. Kiti nacho kinahitaji kuvutwa nyuma. Ongeza futi mbili na nusu kila upande. Umeshapata eneo la futi saba na nusu kwa nne, yaani futi za mraba 30, robo ya sebule tuliyoipima. Robo hiyo inatumika dakika ishirini asubuhi na dakika arobaini usiku, ikiwa inatumika. Mara nyingi meza ya aina hii hugeuka rafu: nguo zinazosubiri pasi, kikapu cha vitunguu, chaja za simu. Familia inakula kwenye sofa.

Nao hawakosei sana. Chakula chetu kinajua kukaa chini. Ugali mmoja katikati, mboga kando, mikono imenawishwa kwa jagi na beseni, kila mtu akimega. Kinachofanya mlo huo kuwa mateso ni kimo. Kiti cha sofa kiko inchi 17 au 18 kutoka sakafuni, na mtu akizama kwenye sponji anashuka zaidi. Meza ya katikati iko inchi 16 hadi 18. Mlaji anajikunja mara mbili kuifikia sahani. Stuli ya inchi 20 au 22, iliyovutwa hadi magotini, inamaliza tatizo hilo kwa mbao chache, na stuli nne zinazoingiana, ndogo chini ya kubwa, zinashika nafasi ya moja. Nikilazimishwa kuchagua kati ya meza ya katikati yenye kioo na stuli nne za kuingiana, sifikirii mara mbili. Meza ya kioo katika chumba cha futi kumi chenye mtoto wa miaka mitatu ni uzembe.

Hata hivyo stuli haitoshi kwa jambo moja, nalo limekua tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa: kazi za shule za nyumbani. Mtoto anakata, anabandika, anachora, na hawezi kuyafanya hayo juu ya goti. Anahitaji uso ulio tambarare, kwenye kimo cha inchi 28 hadi 30, na taa juu yake. Hapo ndipo meza ya kukunjwa inapopata haki yake. Ubao wa futi tatu kwa moja na nusu, bawaba mbili imara, mguu mmoja unaoingia ndani. Ukishushwa unashika inchi tatu tu za ukuta. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa ukuta aagize meza nyembamba yenye miguu, na benchi linalosukumwa chini yake mpaka lipotee. Benchi linaketisha watoto watatu mahali ambapo viti vingeketisha wawili. Kwa nini benchi limeachiwa makanisa na hoteli za chai, sijapata jibu.

Na mgeni je? Mgeni atengewe akiba badala ya makao ya kudumu. Viti vya plastiki vinavyopandana, sita au vinane nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, vinashika sakafu isiyofika futi nne za mraba. Siku ya chama vinatoka, jioni vinarudi. Watu hulalamika kwamba havina heshima. Vikiwa vimeoshwa na kuvikwa foronya ya kitenge mgongoni, sijaona mjumbe wa kamati aliyekataa kuketi. Anayetaka kitu chenye sura zaidi aende Kisumu, mwendo wa kilomita hamsini hivi, akatazame viti vya mafunjo na vya magugumaji. Ni vyepesi, mtu mmoja anabeba viwili. Ila katika mvua zetu visiachwe kibarazani.

Kuna mji wa Kiswahili uliowahi kulitatua swali la chumba chembamba kwa ufundi mkubwa kuliko wetu. Nyumba za mawe za Lamu, ambao mji wake wa kale uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina kikomo. Haivuki vizuri upana wa mita tatu. Basi vyumba vikawa virefu na vyembamba. Wajenzi hawakuijaza sakafu hiyo kwa samani. Walizichimba kuta, wakatengeneza zidaka safu juu ya safu, zikabeba bakuli za kauri, misahafu na vyombo vya thamani. Utajiri wa nyumba ulioneshwa ukutani, watu wakakaa kwenye mikeka na mazulia, na kitanda kikawekwa mwisho kabisa wa nyumba, mbali na macho ya mpita njia. Mgeni wa kawaida aliishia barazani au ukumbini. Kila futi ya ndani ilikuwa na daraja lake la faragha.

Ukuta wa bloku wa inchi sita hauwezi kuchimbwa kidaka. Funzo linabaki: vitu vya kutazamwa vikae ukutani, sakafu iachiwe miguu. Lile kabati kubwa la vyombo, linaloziba ukuta mzima na kubeba glasi za arusi, linafanya kinyume. Rafu moja ndefu juu ya lenta ya mlango, kimo cha futi saba, inabeba vitu hivyohivyo na haimgusi mtu bega. Na vyungu vya Ilesi, vinavyouzwa kando ya barabara ya kwenda Khayega, vinastahili mahali hapo kuliko maua ya plastiki yanayokusanya vumbi kila sebule ya mji huu.

Mji wetu una adui ambaye Lamu hawamjui kwa kiasi hiki: mvua. Kakamega na msitu wake hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi mikavu kweli ni michache. Ukuta wa nje unanyonya maji, na sofa iliyobanwa juu yake inaota ukungu mgongoni bila mtu kujua hadi harufu itoke. Acha nafasi ya ngumi nzima kati ya ukuta na sofa, hata kama chumba kinalia. Miguu ya sofa iwe ya inchi tano au sita, ili kitambaa cha kudeki kipite chini na hewa ipite. Samani za chipbodi, zinazovutia dukani kwa rangi na bei, huvimba ukingo wa chini baada ya miezi michache ya kudekiwa kila asubuhi, zikishavimba hazirudi. Zulia jeupe liache, udongo wetu ni mwekundu.

Mbao nazo zina siasa yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikaendelea kuongezwa muda hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo mbao zilipanda bei, na fremu za sofa, ambazo mnunuzi hazioni kwa kuwa zimefunikwa kitambaa, zilijengwa kwa chochote kilichopatikana. Mkaratusi uliokatwa juzi hujipinda ukikauka, na sofa ikaanza kulalamika kila mtu anapoketi. Dawa ni rahisi: mwambie fundi unataka kuiona fremu kabla haijavikwa. Sipresi au mgrivelia uliokauka vizuri unatosha kabisa kwa fremu. Mahogani iachwe kwa sehemu zinazoonekana. Mwulize pia kama miguu na mikono ya sofa inafunguka. Ngazi za ghorofa zetu ni nyembamba, na sofa iliyopandishwa kwa kamba kupitia roshani ya ghorofa ya tatu huacha alama yake kwenye ukuta, na alama hiyo hukatwa kwenye amana yako.

Kuhusu mwanga na rangi sina mengi. Dirisha moja lenye vyuma halipaswi kufunikwa pazia la tabaka tatu. Shia mchana na pazia moja zito usiku zinatosha. Wenye nyumba hupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ili ioshwe, na wapangaji huichukia, lakini mahali palipo na watoto ina maana. Kioo kikubwa mkabala wa dirisha kinasaidia kweli. Kikiwekwa mkabala wa rundo la vitu, kinazidisha rundo.

Lipo swali linalozidi uwezo wa mpangaji: nani anachora vyumba hivi? Soketi moja ukutani ndiyo inayoamua runinga itakaa wapi, runinga inaamua sofa, na sofa inaamua kama meza itapata nafasi. Mlango unaofunguka ndani katikati ya ukuta unaua kona mbili kwa mpigo. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za manispaa ya Frankfurt, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kwa kuhesabu hatua za anayepika kabla ya kuweka kabati lolote. Likawa dogo na likafanya kazi. Nyumba zetu huchorwa kuta kwanza, na mtu atakayeketi ndani yake hufikiriwa siku ya kulipa amana.

Suala hili halitabaki la wapangaji peke yao. Sheria ya Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 imerahisisha mtu kumiliki hati ya nyumba moja ndani ya ghorofa, na mpango wa nyumba za bei nafuu, unaokatiwa asilimia 1.5 ya mishahara yetu chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ulitangazwa kwa vipimo vya mita za mraba 30, 40 na 60 kulingana na idadi ya vyumba. Mita 40 ni futi za mraba 430 hivi, pamoja na jiko na choo. Mwenye nyumba ya aina hiyo hatahama mwakani. Hoja ya kwamba sofa inasubiri nyumba ya shambani itakuwa dhaifu kwake, na kosa la mchoraji atalikalia maisha yake yote.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wanaojenga, awe mwenye ploti Shirere au bodi ya nyumba ya taifa: kabla ya kumwaga msingi, chora kitanda, sofa, meza na mlango ukiwa wazi, kwa vipimo halisi. Weka soketi kwenye kuta mbili zinazotazamana. Pigilia ubao mmoja wa mbao kuzunguka sebule kwenye kimo cha futi saba, ili mpangaji atundike picha na rafu zake bila kuharibu plasta. Ni gharama ndogo kuliko ugomvi wa kila mwisho wa mkataba. Na wewe unayekwenda kwa fundi Jumamosi hii, pima mlango na ngazi kwanza, kisha pima sebule, kisha hesabu watu wanaolala humo kila usiku. Picha uliyohifadhi kwenye simu mwoneshe mwisho.